Kikombe cha Pili

Watu wengi wanaoingia chumbani kwangu hunidanganya. Sisemi kwa ubaya. Mgonjwa akiulizwa na mtaalamu wa lishe amekula nini jana, atataja mboga ambazo hajaziona tangu mwezi uliopita, atataja matunda, atataja maji glasi nane, na zile chipsi za jana atazinyamazia. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili na sikio langu limekuwa kali. Hata ulimi wangu umekuwa mkali, wanasema. Basi siku nilipoletewa mtu wa kwanza asiyejua kudanganya, nilimwita mwongo.

Ofisini kwake walimwita Mzee Birika. Si kwamba alikuwa na mkono wa birika. Ubahili hakuujua, na kutoa ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mpika chai katika ofisi ya wapima ardhi, ghorofa mbili, watu kumi na tisa, na alianza kazi hiyo wakati baadhi yao walikuwa bado shule ya msingi. Nyuma ya mlango wa jiko lake dogo alipigilia ubao wenye misumari kumi na tisa, kila msumari na kikombe chake, na kila kikombe kilikuwa na doa la rangi ya kucha chini ya mkono wake ili visichanganyike. Alijua nani ameacha sukari na nani anasema tu kwamba ameacha. Alijua kwamba mchora ramani mmoja hupenda chai iliyopoa, kwa hiyo huyo alimmiminia wa kwanza na kumpelekea wa mwisho. Katika hao kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe anapenda chai ya namna gani. Nililijua hilo kwa sababu nilimuuliza baadaye, na alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

Ugonjwa wake uligunduliwa kwenye ngazi. Kwa miezi kadhaa watu wa ghorofa ya juu walikuwa wakilalamika kwamba siku hizi chai inafika imepoa. Mkuu wa ofisi akamwita, akamwambia kwa upole kwamba labda umri umeanza kumsogelea. Ukweli ni kwamba alikuwa akipumzika mara tatu njiani, amekaa kwenye ngazi na sinia magotini, anangoja moyo uache kumpiga masikioni. Kisha ikaja siku alipokaa na kushindwa kuinuka. Walimleta hospitali kwa gari la ofisi, wakamwacha mapokezi, wakarudi kazini. Damu yake ilikuwa imeshuka mpaka saba nukta tisa, wakati mwanaume wa umri wake anatakiwa awe na kumi na tatu au zaidi. Madaktari wakatafuta inapovujia, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, na vipimo vikasema ni saratani.

Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Alimwambia uvimbe bado ni mdogo, haujaziba njia na haujaonekana kwingine, na ukitolewa mapema kuna matumaini ya kweli. Lakini hakutaka kumlaza mezani mtu mwenye damu ya saba. Akampa njia mbili: ama damu ipande mpaka kumi, ama alete watu wawili wa kumchangia, kwa sababu siku hizo hospitali yetu haikutoa chupa ya damu kabla ya kupokea nyingine. Mzee Birika akapewa fomu. Mahali pa majina ya wachangiaji alipaacha wazi, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfukoni mwa shati. Ndipo akatumwa kwangu.

Chumba changu zamani kilikuwa stoo ya magongo. Kina mzani, bango lenye picha ya sahani, na kikapu cha vyakula vya plastiki vya kufundishia, mayai, kipande cha nyama, na samaki mwenye alama za meno ya mtoto fulani. Alikaa, akayatazama yale mayai, akaniuliza kama ni ya kuchemsha. Sikucheka. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshagombana na mama mmoja aliyemwachisha mumewe nyama, mayai na maziwa kwa sababu jirani alimwambia saratani ndiyo inayokula vitu hivyo. Nina ugomvi wa kudumu na huyo jirani, na kila mgonjwa anaye wa kwake. Mtu anafika kwangu amebaki ngozi na mifupa, ameambiwa anywe maji ya majani peke yake, na mwili unaotakiwa kupambana hauna hata nguvu ya kufunga kifungo cha shati.

Mzee Birika hakuwa na jirani wa kumshauri mabaya, wala mema. Nilimuuliza nani anampikia nyumbani, akasema ni yeye mwenyewe. Nani anamkumbusha dawa? Yeye mwenyewe. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, watoto hawakujaliwa, na kaka yake aliyebaki alimzika mwaka juzi. Nikamuuliza kuhusu watu wa kazini. Kati ya kumi na tisa, wawili tu wangetosha. Aliigusa ile fomu juu ya mfuko wa shati, hakuitoa.

"Mtaalamu, huwezi kumwomba mtu damu kwa sababu ulimpikia chai," alisema.

Basi ikabaki njia moja, ya sahani. Nilimpangia maini mara nne kwa wiki, vipande vidogo, maharage au dengu kila siku, mboga za majani zisizopikwa mpaka zikapoteza rangi, na mayai. Kila mlo uwe na chungwa au ndimu, kwa sababu uchachu wake unausaidia mwili kuokota madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Vidonge vya chuma ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikamwonya kwamba choo kitakuwa cheusi, asije akakimbilia dharura akidhani ndio mwisho wake. Aliniambia chakula siku hizi hakimwiti, kwamba anaweza kuikalia sahani nusu saa nzima akiitazama. Nikamwambia asingoje kuitwa, ale kama anavyomeza dawa, kijiko baada ya kijiko. Mwisho nikampa daftari. Huo ndio utaratibu wangu tangu nianze kazi: kila mgonjwa ana daftari la mlo, lina safu ya saa, safu ya chakula na safu ya kiasi, na siku ya kliniki analileta.

Wiki nne baadaye alilileta. Lilikuwa daftari la kuwekwa makumbusho. Mwandiko umesimama wima, hakuna palipofutwa, hakuna siku iliyorukwa. "Jumatatu, saa kumi jioni. Maini vipande vinne, kila kimoja kama kiberiti. Maharage vijiko sita. Mboga kikombe. Chungwa moja. Kidonge kimoja." Jumanne hivyo hivyo, na yai. Siku moja alikuwa ameandika kwamba kipande cha nne kilimshinda, akakimaliza kesho yake asubuhi. Nililisoma kwa raha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. Kisha nikafungua karatasi ya maabara, na maabara ilisema saba nukta nane.

Nilirudia kuisoma, jina na tarehe. Mtu anayekula vile na kumeza dawa vile, hata kama anavuja kidogo kidogo, damu yake haiwezi kukaa palepale mwezi mzima. Na daftari zuri kupita kiasi nimeshaliona sana. Mtu huliandika lote asubuhi ya kliniki, akiwa kwenye foleni, na kalamu ya kuazima. Nikamwambia hayo yote, na mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje palikuwa na watu.

"Mzee wangu, humu umetia chumvi," nilimwambia. "Karatasi ya maabara haidanganyi. Anayedanganya ni wewe, na unayemdanganya si mimi."

Nilingoja apandishe hasira, maana wengi hupandisha. Yeye alilichukua daftari lake, akalipangusa jalada kwa kiganja, akauliza kama aendelee kuandika. Nikamjibu aendelee, ila aandike ukweli. Alitoka akipita mbele ya wale watu wa kwenye benchi bila kumtazama mtu. Siku hiyo hiyo daktari wa upasuaji alimwongezea mwezi mmoja, na akasema waziwazi kwamba mwezi huo ukipita hawezi tena kumwahidi kitu, kwa sababu uvimbe nao haujalala.

Hilo la uvimbe kutolala lilinikaa kifuani. Alhamisi ya wiki ile nilitoka mapema, kama ninavyotoka kila Alhamisi, nikachukua anwani kwenye jalada lake, nikaenda kumfumania. Nasema kumfumania kwa sababu hiyo ndiyo nia niliyokwenda nayo. Nilitaka nimkute na mkate mkavu, nimwonyeshe kwa kidole.

Aliishi katika chumba na jiko nyuma ya duka la mapazia, duka ambalo marehemu mkewe alikuwa akishonea. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Ilikuwa saa kumi kamili. Nilibisha hodi huku nikiingia, tabia mbaya, najua. Na mezani palikuwa na maini, vipande vinne. Nilivihesabu. Palikuwa na maharage, palikuwa na mboga, palikuwa na chungwa lililokwisha kumenywa, na pembeni daftari limefunguliwa na kalamu juu yake.

"Karibu, Mtaalamu," alisema, akavuta kiti cha pili.

Mbele ya kiti hicho palikuwa na kikombe cha chai kinafuka, na kingine mbele yake. Chai ya rangi, nzito, huoni kitako cha kikombe. Nikamuuliza kama alikuwa na mgeni. Akasema hana mgeni. Kisha, kwa kuwa nilishakaa na mkono wangu ulishagusa kile kikombe, aliona afadhali anieleze.

Kwa miaka thelathini na moja yeye na mkewe walikula pamoja, na chai walikunywa palepale na chakula, kikombe kwa kikombe. Kazini alikuwa hanywi. Alikuwa anawapikia watu kutwa nzima, na ya kwake anaingoja mpaka afike nyumbani, kwa sababu mkewe alimwambia siku za mwanzo za ndoa kwamba chai akiinywa na watu wengine yeye atajua. Ulikuwa utani, lakini aliushika. Mke alipofariki, mkono ulikataa kumimina kikombe kimoja. Na kwa kuwa marehemu alikuwa haoni chai ikimwagwa bila kugomba, basi kikombe alichomiminiwa yeye alikinywa mume. Asubuhi viwili, jioni viwili, kila siku, miaka sita.

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, huku akifungua pakiti ya vidonge. Akatoa kimoja, akakiweka ulimini, akakishushia na chai.

Niliishika ile pakiti ya vidonge.

"Kila siku unakimeza hivyo?" nilimuuliza.

"Maji hayakipeleki. Kinakwama hapa." Aligusa koo. "Chai ndiyo inakishusha."

Jambo lenyewe hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Chai ina kitu kinachoyashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyoshika. Chuma cha kwenye nyama hakiathiriki sana, kwa hiyo yale maini yalikuwa yakirudisha kile kilichokuwa kinavuja, basi. Maharage, mboga na vidonge, ambavyo ndivyo vilivyotakiwa kumpandisha, vilikuwa vinapita tu. Mzee wa watu alikuwa akijilazimisha kijiko baada ya kijiko, mwezi mzima, na nusu ya kazi yake ikienda bure kwenye vikombe viwili. Na mimi sikuwahi kuuliza. Daftari langu lilikuwa na saa, chakula na kiasi. Halikuwa na safu ya vinywaji, na yeye alinijazia kile nilichomwomba. Chai kwake haikuwa sehemu ya mlo. Kazini ilikuwa kazi, na hapa nyumbani ilikuwa mkewe.

Nilimweleza yote. Nilikiri kwamba kosa la kutouliza ni langu, lakini lile neno la kumwita mwongo nililiruka. Nilisema sasa tumeelewana, nikaharakisha kwenda kwenye maagizo. Kidonge akimeze kwa maji yenye ndimu, kwa mafunda madogo madogo. Chai isiguse mlo wala dawa, iwe saa mbili kabla au saa mbili baada. Sikumkataza chai, nilimwambia, naihamisha tu.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akakisogeza kikombe chake mbali na sahani, taratibu.

"Sasa chakula nitakula na nani?" aliuliza.

Hakuwa ananilaumu. Alitaka jibu. Najua protini, najua vitamini, najua mtu wa kilo hamsini anahitaji nini baada ya kuchomwa mionzi, lakini hilo sikufundishwa. Nikasema kilichonijia mdomoni. Nikamwambia ale mlo wake mkubwa kazini, saa nane kabla ya kutoka, na saa kumi akifika nyumbani anywe chai yake kwa starehe. Na Alhamisi natoka mapema, kwa hiyo Alhamisi nitakuja mwenyewe nikinywe hicho kikombe cha pili.

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Akachukua rula, akachora safu mpya kwenye daftari, akaandika juu yake: Vinywaji. Nikamwambia kuanzia leo aandike kila kitu, chochote kinachopita mezani pale. Akasema ataandika. Nilikunywa kile kikombe mbele yake. Kilikuwa kichungu, na nilikimaliza.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda. Alikuwa amepigilia msumari mmoja ukutani, juu ya karai la vyombo, na juu ya msumari kikombe, na chini ya mkono wa kikombe doa jekundu la rangi ya kucha. Akasema sasa nami nimeingia ubaoni. Tulikaa kama dakika arobaini. Alinisimulia habari za wapima ardhi wanaoweza kupima mlima na kukosea kijiko cha sukari, na mara moja alicheka mpaka akashika meza. Aliniambia ofisini anakula nyuma ya mlango, chini ya ubao wa vikombe, na kwamba siku ya kwanza maini yalikataa kushuka mpaka alipogeuka akavitazama vile vikombe kumi na tisa. Nilirudi kwangu nikijiona mtu mwema sana.

Alhamisi ya pili tulikuwa na kikao. Ya tatu ilinyesha mvua, na mimi si chumvi, ningefika. Ya nne sikuwa na sababu yoyote. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikawasha redio, nikala nimesimama jikoni kama kawaida yangu, na wala hakunijia kichwani.

Jumanne iliyofuata ilikuwa kliniki. Nilimwona kwa dirisha akipanda ngazi za nje, na hakusimama katikati. Maabara ikasema kumi nukta moja. Muuguzi wa zamu alipiga makofi pale pale mlangoni, na daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alisema vizuri, halafu akampangia upasuaji Alhamisi ya wiki ile ile. Nilimshika mzee mikono yote miwili. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. Ile fomu ya wachangiaji aliitoa mfukoni, bado imekunjwa mara nne, akaniuliza kama anaweza kuitupa, nami nikaitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha akaweka daftari mezani, kwa sababu huo ndio utaratibu.

Ningeweza kuligonga muhuri bila kulisoma. Nikalifungua kwenye safu ya vinywaji.

Alhamisi ya kwanza aliandika: "Saa kumi. Chai, vikombe viwili. Mtaalamu amekuja. Amekunywa chake chote."

Ya pili: "Saa kumi. Chai, vikombe viwili. Mtaalamu hakuja. Cha pili nimemwaga."

Ya tatu: "Chai, vikombe viwili. Mvua. Nimengoja mpaka saa kumi na mbili. Nimemwaga."

Ya nne: "Saa kumi. Chai, kikombe kimoja."

Nikageuza ukurasa. Ijumaa, kikombe kimoja. Jumamosi, kikombe kimoja. Jumapili na Jumatatu vilevile. Siku zote nyingine za mwezi ule, kabla ya Alhamisi hiyo ya nne, vilikuwa viwili. Miaka sita mkono wake ulikuwa umekataa kumimina kimoja. Mimi niliingia kwa mguu wangu mwenyewe, nikakikalia kiti cha marehemu, nikakipokea kikombe chake, nikakitelekeza, na sasa mkono ulikuwa umejifunza. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto.

"Na haya pia uliyaandika," nilimwambia.

"Uliniambia niandike kila kitu," alisema.

Hakukuwa na kinyongo sautini mwake, wala hakuwa ananichoma. Aliambiwa aandike, akaandika. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta la kusema, na nilikuwa nalo tayari, kikao kile na mvua ile, lakini Alhamisi ya nne haikuwa na la kuifunika. Daftari lilikuwa katikati yetu, na katika sisi wawili mwongo alikuwa mmoja. Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa Alhamisi tatu, na nikamwomba pia kwa lile neno nililomwambia mlango ukiwa wazi. Aliitikia kwa kichwa, kila moja mara moja. Nikasema Alhamisi hii nitakuja wodini, saa kumi, akitoka kwenye upasuaji anikute.

"Usiniahidi, Mtaalamu," alisema. "Ukija, umekuja."

Alhamisi ile upasuaji ulianza asubuhi na ukaisha kabla ya saa saba. Uvimbe ulitoka mzima, pamoja na ukingo wa nyama safi uliouzunguka, daktari alisema, na mengine yatasemwa na maabara. Nilichemsha chai kwenye jiko la wauguzi, nzito kama yake, nikaitia kwenye chupa. Ilibidi kwanza nirudi nyumbani kuchukua vikombe viwili, kwa sababu vikombe vya wodini ni vya plastiki na sikutaka. Njiani gari lilikwama, na mimi nilishuka nikatembea kwa haraka mpaka nikaingia na jasho.

Alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, amelala usingizi wa dawa, na mirija yake. Kitanda cha jirani kilikuwa na watu wanne wamekizunguka. Nilimuuliza muuguzi kama kuna mtu aliyekuja kumwona. Akasema hakuna aliyekuja, ila ofisini kwake walipiga simu mara moja, wakiuliza ufunguo wa kabati la majani ya chai aliuacha wapi.

Nilivuta kiti. Nikamimina vikombe viwili, kimoja nikakiweka juu ya kabati lake, ingawa nilijua hawezi kukinywa leo wala kesho. Changu nilikinywa polepole, chote. Chake kikapoa. Hakuamka, na sikumwamsha. Daftari lilikuwa pale pale kabatini, amekuja nalo, na kalamu imebanwa kwenye ukurasa wa siku hiyo. Alikuwa ameshaandika tarehe na siku, na mbele yake safu zote tupu.

Nilifungua kalamu, nikaandika kwenye safu ya vinywaji kwa mwandiko wangu mbaya: "Chai, vikombe viwili. Mtaalamu amekuja." Nikaitazama safu ya saa. Mkono ulitaka kuandika saa kumi. Nikaandika saa kumi na dakika ishirini.